Kujenga kwenye kiwanja kipya Dar es Salaam: mwongozo wa kujiandaa kwa mafuriko, joto na uhaba wa maji

Dar es Salaam inapanuka kuelekea Bunju, Goba, Kibamba, Chanika, Mbande na Kigamboni. Huko viwanja ni vipya, barabara nyingi ni za udongo, mitaro ya mvua aghalabu haipo, na kila anayejenga huamua peke yake maji yapite wapi. Ndiyo maana mtaa wenye nyumba sita unaweza kuwa mkavu miaka yote, kisha ukaanza kujaa maji ukifikisha nyumba sitini. Mvua nayo imebadilika. Desemba 2011 zilinyesha zaidi ya milimita 150 kwa siku moja, watu zaidi ya 40 wakafariki, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2022 mambo yakawa kinyume: Mto Ruvu ulipungua hadi maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yakatoka kwa mgao. Mwaka uliofuata vuli ya El Nino ikarudisha mafuriko.

Nyumba unayoijenga sasa itayaona yote hayo tena, pengine kwa ukali zaidi. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kiwanja kitupu. Mfano wetu ni kiwanja cha mita 20 kwa 30, na nyumba ya vyumba vitatu yenye paa la mita za mraba 150. Badili tarakimu zifuate kiwanja chako, ila usibadili mpangilio wa hatua: njia ya maji huamuliwa kabla ya ramani ya nyumba kuchorwa. Kuhamisha mtaro kwenye karatasi hakugharimu kitu. Kuuhamisha baada ya jamvi, yaani sakafu ya zege, kumwagwa ni kazi ya mamilioni.

Hatua ya 1: Kabla ya kulipia

Nenda ukakione kiwanja Aprili au Mei, siku moja baada ya mvua kubwa. Kiwanja kinachoonekana Septemba hudanganya. Kama masika yako mbali na muuzaji ana haraka, soma dalili hizi:

- Mstari wa tope kwenye kuta za majirani. Pima kimo chake kutoka ardhini na ukiandike.
- Mifuko ya plastiki na majani makavu yaliyonasa kwenye uzio au matawi ya chini, yote yakilalia upande mmoja.
- Matete, mafunjo au ndago zinazoota zenyewe.
- Udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu ukichimba sentimita 60. Hapo maji hukaa wiki nyingi kila mwaka, hata kama juu pamekauka na kupasuka.
- Nyumba jirani zenye kijiukuta cha matofali mawili mbele ya mlango. Hakuna anayejenga kijiukuta hicho bila sababu.

Dalali si mtu wa kumuuliza. Waulize wapangaji na wauza genge maswali matatu: maji yalifika wapi, yalitokea upande gani, yalikaa muda gani? Jibu la swali la tatu ndilo lenye uzito. Maji yanayopita kwa saa mbili yanadhibitika kwa mtaro na kimo kizuri cha jamvi. Maji yanayotuama wiki mbili yanamaanisha eneo zima ni bakuli lisilo na mdomo, na hakuna kazi ya ndani ya kiwanja kimoja itakayoliponya. Kiwanja hicho kiache, hata kama bei yake ni nusu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Zipime mwenyewe kwa futi ya kamba. Wala usitosheke na ukingo wa leo. Mito ya Dar, kama Mpiji, Mbezi na Msimbazi, hula kingo zake, hasa panapochimbwa mchanga. Ukiona mizizi inaning'inia hewani, au ukuta wa udongo mbichi uliosimama wima, ukingo bado unasogea na mita 60 zako zinapungua kila masika. Korongo linalokauka kiangazi nalo lihesabu kuwa mto.

Kisha nenda ofisi ya mipango miji ya manispaa na namba ya kiwanja, uulize kama kimepitiwa na njia ya maji au hifadhi ya barabara. Mtandaoni zipo pia ramani za bure za Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 ambapo wanafunzi na wakazi walichora mitaro na maeneo ya mafuriko mtaa kwa mtaa. Hazifiki kila kona ya pembezoni, lakini zinapofika zina mengi.

Hatua ya 2: Pima mwinuko, pima udongo

Huhitaji mashine. Chukua mpira mwangavu wa mita 20, wenye kipenyo cha milimita 12 hivi, ule ambao mafundi hutumia kama livo ya maji. Ujaze taratibu kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa mpaka viputo vyote vitoke, kwani kiputo kimoja kinatosha kuharibu kipimo. Piga vigingi kwenye pembe za kiwanja na kila mita 5 mipakani, kimoja katikati ya barabara, na kimoja kwenye kiwanja kilicho chini yako. Linganisha kimo cha kila kigingi na uandike kwenye mchoro.

Mchoro huo utakuonyesha maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Unganisha sehemu hizo mbili kwa mstari unaopita kandoni mwa kiwanja, upana mita 1.5. Mstari huo haujengwi kitu: si choo, si banda la kuku, si ukuta. Kila unachokipanga baadaye kitauheshimu.

Sasa udongo. Chimba shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha mita 1, ulijaze maji, uyaache yaishe, kisha ulijaze tena. Mjazo wa kwanza usiuhesabu, maana udongo mkavu hunyonya kwa kasi ambayo hautairudia mvua ikiwa imenyesha siku tatu. Kwenye mjazo wa pili au wa tatu weka maji ya kimo cha sentimita 30, upime yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Kichanga safi kinaweza kuyamaliza yote. Yakishuka chini ya sentimita 2.5, una mfinyanzi, na shimo la kunyonya maji ya mvua halitakufaa. Itabidi utegemee mtaro na tanki. Kama kipimo kimefanyika masika na maji yanachomoza kutoka chini ya shimo, andika yamesimama kina gani. Tarakimu hiyo utaihitaji kwenye hatua ya 6 na ya 7.

Hatua ya 3: Elekeza nyumba

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua halikai mbali na utosi: Juni huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini kidogo. Kuta zinazotazama kaskazini na kusini hukingwa kirahisi na upenu wa sentimita 90. Kuta za mashariki na magharibi hazikingwi na upenu wowote, kwa sababu jua la saa kumi jioni huingia kwa chini. Basi pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi uwekewe stoo, bafu na choo. Ukuta wa matofali uliopigwa na jua tangu saa nane mchana huendelea kutoa joto ndani watu wakiwa wameshalala. Kama barabara inakulazimisha kutazama magharibi, panda mwembe au mwarobaini upande huo, mita 5 au zaidi kutoka ukutani. Ile miti mirefu myembamba ya mapambo inayopangwa kando ya fensi haina kivuli cha maana.

Upepo unajulikana. Joto kali ni Desemba hadi Machi, na miezi hiyo huvuma kaskazi, kutoka kaskazini-mashariki. Kusi, kutoka kusini na kusini-mashariki, huja hali ya hewa ikiwa imeanza kupoa. Kwa hiyo kila chumba cha kulala kipate dirisha linalopokea kaskazi na tundu la kutolea hewa upande wa pili. Dirisha moja peke yake halipitishi upepo. Chumba chenye ukuta mmoja tu wa nje kiwekewe tundu la sentimita 30 kwa 80 juu ya mlango wa ndani.

Aina ya dirisha ina uzito kuliko ukubwa wake. Dirisha la aluminiamu la kusukuma pembeni lenye mita 1.5 kwa 1.2 hufunguka nusu tu, yaani mita za mraba 0.9, na wavu wa mbu hupunguza tena upepo unaobaki. La bawaba au la vioo vya kupangana hufunguka karibu lote.

Mwisho, fensi. Ukuta mzima wa mita 2.4 upande wa kaskazini-mashariki unazuia upepo uleule uliohangaika kuutafuta. Kuanzia kimo cha mita 1 tumia matofali ya matundu.

Hatua ya 4: Kimo cha jamvi

Pata vimo viwili kisha uchague kilicho juu zaidi: sentimita 45 juu ya alama ya juu kabisa ya mafuriko, au sentimita 60 juu ya katikati ya barabara iliyopo. Hicho cha pili wengi hukisahau. Barabara ya udongo ikija kuwekwa lami hupandishwa kwa tabaka za moramu na kokoto, na nyumba zilizokuwa sawa nayo hujikuta shimoni, maji ya barabara yakiingia getini. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye mitaa iliyopata lami, na wenye nyumba huilaumu barabara wakati jamvi ndilo lililowekwa chini.

Inua nyumba, usiinue kiwanja. Anayejaza kifusi kiwanja kizima humsukumia jirani maji, jirani naye hujaza, na mtaa mzima hupanda mpaka aliyejenga kwanza anabaki kuwa bwawa.

Matofali ya msingi yawe ya saruji moja kwa mchanga sita. Kwa kipimo hicho mfuko wa kilo 50 hautoi hata matofali 20 ya inchi 6. Anayekuuzia matofali yaliyotoka 40 kwa mfuko anakuuzia mchanga, na mchanga huyeyuka ukikaa majini siku mbili. Yamwagilie maji siku 7. Ndani ya msingi jaza moramu au kichanga kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likilowanishwa na kushindiliwa kabla ya lijalo. Usitumie udongo mweusi wa mbuga, kwa sababu huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na jamvi hupasuka pamoja nao. Chini ya jamvi tandaza nailoni nene ya kujengea, vipande vipishane sentimita 30. Kuzunguka nyumba mwaga ukanda wa zege wa upana wa sentimita 90 unaoteremka kutoka ukutani, ili maji ya upenu yasichimbe msingi.

Umeme: soketi ziwe mita 1.2 kutoka sakafuni na nyaya zishuke kutoka darini. Nyaya zinazopanda kutoka sakafuni hulowa kwanza. Mita ya LUKU na swichi kuu ziwe mita 1.5.

Aliye karibu na bahari asitumie mchanga wa pwani wala maji ya kisima cha chumvi kwenye zege. Nondo zifunikwe na zege la sentimita 5 pande zote.

Hatua ya 5: Paa

Rangi ya bati si urembo tu. Bati jeupe au la rangi ya maziwa hurudisha sehemu kubwa ya jua, ilhali jekundu lililokolea, kijani na kahawia hulimeza. Kama umeshaipenda rangi iliyokolea, tandaza karatasi ya alumini chini ya bati, ukiacha nafasi ya hewa ya sentimita 2.5 au zaidi. Ikigusana na bati haifanyi kazi. Dari nalo lipumue: acha matundu yenye wavu chini ya upenu, na tundu la kutolea joto kileleni kwenye kuta za pembetatu. Dari lililozibwa kote huwa tanuri, na feni huwa inazungusha hewa ya moto.

Gata ndizo huharibika kwanza, kwa sababu tatu: zimewekwa bila mteremko, mabomba ya kushushia ni membamba, na hazisafishwi. Mteremko uwe milimita 5 kwa kila mita. Kwa mabomba, kadiria sentimita 1 ya mraba ya tundu kwa kila mita 1 ya mraba ya paa. Bomba la milimita 110 lina tundu la sentimita za mraba 90 hivi, kwa hiyo paa letu la mita 150 linahitaji mawili, moja kila upande. Bomba moja la milimita 75 lililozoeleka litafurika kwenye mvua ya vuli, na maji yatarudi nyuma ya fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, hadi kwenye dari la jipsamu.

Hatua ya 6: Mahali pa kulala maji ya paa

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 50 kwa saa si kitu cha ajabu Dar, na kwenye paa letu huleta lita 7,500 kwa saa hiyo moja. Ukizitoa nje kwa bomba hadi barabarani, na jirani akafanya hivyo hivyo, ndivyo mafuriko ya mtaa yanavyotengenezwa. Kiwanja chako kizibakize.

Kwenye udongo ulio imara na unaonyonya, chimba shimo la mviringo litakalobaki na kipenyo cha mita 2 ndani ya ukuta wake na kina cha mita 2.4 chini ya bomba la kuingilia. Hapo ujazo ni karibu mita za ujazo 7.5. Lizungushie ukuta wa matofali ambao viungo vyake vya wima havina udongo wa saruji, ili maji yapenye, na nafasi kati ya ukuta na udongo uijaze kokoto, unene wa sentimita 15. Funika kwa zege lenye mfuniko wa ukaguzi.

Kwenye kichanga usichimbe shimo hilo. Kichanga humfukia mchimbaji kwa sekunde chache, na vifo vya namna hiyo hutokea. Chimba handaki la upana wa mita 1 na kina cha mita 1, ulijaze mawe makubwa, juu yake tandaza kitambaa cha kuchuja au magunia ya plastiki yaliyofumwa, kisha udongo. Nafasi kati ya mawe ni kama asilimia 40, kwa hiyo kila mita ya handaki hubeba lita 400. Mita 19 zingebeba mvua yote. Lakini kwenye kichanga kinachoshuka sentimita 30 kwa saa, mita 10 zinatosha, maana kinanyonya huku kikijaa.

Masharti manne ni ya lazima kwa aina zote mbili. Umbali kutoka msingi wa nyumba uwe mita 5. Sakafu ya shimo iwe angalau mita 1 juu ya kimo cha maji ya ardhini ulichopima masika, vinginevyo litakuwa kisima na si shimo la kunyonya. Liwe na bomba la kumwagia ziada kuelekea ule mstari wa mita 1.5. Na kabla ya maji kuingia yapite kwenye chemba ya mchanga ya sentimita 60 kwa 60 kwa 60, yenye bomba la kutokea sentimita 30 juu ya sakafu yake. Bila chemba hiyo, mchanga na majani huziba vinyweleo vya udongo, na baada ya masika mawili au matatu shimo hukataa maji. Likishaziba kwa tope, hakuna njia ya kulisafisha zaidi ya kulichimbua upya.

Uani nako kuhesabiwe. Kutandaza vitofali vya zege kuanzia getini hadi nyuma ya nyumba kumekuwa fasheni, na kila mita unayoifunika inamwaga maji kama bati. Funika njia ya gari na ya miguu tu. Theluthi moja ya kiwanja, yaani mita za mraba 200 kwa mfano wetu, ibaki udongo, majani na miti, ikiwa chini kidogo ya vitofali ili maji yaingie humo yenyewe.

Hatua ya 7: Choo

Shimo la choo lililojaa wakati wa masika ndilo linalowashawishi watu kutapisha, yaani kulifungulia limwagike na maji ya mvua, na kutapisha ndiko kunakosambaza kipindupindu mtaa mzima. Mifuniko ya chemba na ya shimo iwe sentimita 30 juu ya ardhi, imezibwa kwa saruji laini. Shimo la kunyonya la choo liwe mita 30 kutoka kisima chochote, chako au cha jirani, na shimo la maji ya mvua lisiwe juu yake kwenye mteremko, la sivyo litalijaza. Maji ya paa hayaingizwi kwenye mfumo wa choo hata siku moja. Pale maji ya ardhini yanapofika mita 1 chini ya uso masika, usichimbe. Jenga tanki lisilovuja lililoinuliwa nusu juu ya ardhi, na panga kwamba gari la kunyonya maji taka liweze kulifikia.

Hatua ya 8: Akiba ya kiangazi

Watu 5 wakitumia lita 60 kila mmoja kwa siku, wiki mbili za mgao ni lita 4,200. Tanki la lita 5,000 linatosha. Likijaa huwa na uzito wa tani 5, kwa hiyo kitako chake kiwe cha zege lenye nondo juu ya udongo ulioshindiliwa, na kipana kuliko tanki kila upande. Kitako cha matofali yaliyorundikwa huinama, na tanki lililoinama hupasuka kwenye mshono wa bomba.

Mvua ya kwanza huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Mwaga nusu milimita ya mwanzo, ambayo kwa paa letu ni lita 75. Watu husimamisha bomba la milimita 110 lililozibwa chini na kudhani linatosha, kumbe kila mita yake hubeba lita 9 tu. Tumia pipa la lita 100 lenye bomba dogo la kuvuja chini, ili lijimwage kabla ya mvua ijayo. Ziada ya tanki iende kwenye shimo la hatua ya 6. Weka wavu kwenye kila tundu, maana tanki lililo wazi huzalisha mbu wa dengue. Maji haya ni ya kufua, kuoga na choo. Ya kunywa yachemshwe.

Hatua ya 9: Mtaa

Hapa ndipo kazi ya mtu mmoja inapoishia. Itisheni kikao kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema, nyumba zikiwa bado chache, kwa sababu kila fensi mpya inafunga njia moja.

Ukubwa wa mtaro hukokotolewa. Chukua hekta moja, takriban viwanja 14 pamoja na barabara zake. Mvua ya milimita 60 kwa saa huleta mita za ujazo 600, na kama asilimia 60 yake inatiririka juu ya ardhi ni mita za ujazo 360 kwa saa, sawa na lita 100 kwa sekunde. Mtaro uliopigwa lipu, upana sentimita 40, wenye mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita 10, hubeba kiasi hicho ukiwa na maji ya kina cha sentimita 25. Chimbeni kina cha sentimita 40 ili kuwe na nafasi ya takataka na mshangao. Eneo la hekta mbili likimwagia mtaro huohuo, ongezeni upana hadi sentimita 70 au 80. Kuongeza kina pekee kunamfanya mtoto azame.

Mtaro unaofanya kazi mita 200 kisha ukazibwa mahali pamoja haufanyi kazi kabisa. Mahali hapo kwa kawaida ni getini kwa mtu. Mwenye gari hulaza bomba la inchi 6 mtaroni, hulifukia, huingiza gari, na mvua ya kwanza chupa tatu za plastiki hulifunga. Kubalianeni kwa maandishi, muhtasari ubaki ofisi ya mtaa: hakuna bomba getini. Kila mwenye geti aweke mifuniko ya zege lenye nondo, upana wa sentimita 50 kila mmoja, inayoinuliwa na watu wawili, na upana wa mtaro chini yake usipungue. Panapovukwa barabara wekeni kalavati la kipenyo cha sentimita 60 au zaidi, hata kama hesabu inasema dogo linatosha. Hesabu haijui takataka.

Fensi inayokatisha njia ya maji iachiwe matundu ya sentimita 20 kwa 20 usawa wa ardhi, kila mita 2, yenye nondo mbili za wima. Maji ya kimo cha mita 1 yaliyozuiwa hukisukuma kila kipande cha ukuta cha mita 1 kwa nguvu ya karibu nusu tani. Fensi haikujengwa kuibeba, na huwaangukia watu.

Mtaro lazima uwe na mwisho. Ukiishia kwenye uwanja wa mtu, mmehamisha mafuriko tu, na kesi itafuata. Ufuateni kwa miguu hadi mtaro wa manispaa au korongo la asili, na pale unapomwagia tandazeni mawe mita 3 na mpande nyasi za vetiva, maana maji yanayotoka kwenye saruji kwa kasi huchimba korongo jipya linalorudi juu kuelekea kwenu.

Hatua ya 10: Ratiba

Anza msingi Juni, masika yakiwa yamekatika. Chimba shimo la maji na mstari wa mtaro kabla ya msingi wenyewe, na paa liwe limefungwa kabla ya katikati ya Oktoba. Mvua kubwa ya kwanza ya vuli vaa koti, toka nje na chokaa au vijiti, uweke alama kila mahali maji yanaposimama zaidi ya nusu saa, yanapochimba udongo na gata inapomwagika. Piga picha chemba ya mchanga kabla na baada. Marekebisho yote unayo miezi ya Januari na Februari kuyafanya. Kuanzia hapo, mwisho wa Septemba na mwisho wa Februari kila mwaka, safisha gata, zoa mchanga kwenye chemba, na uinue kila mfuniko wa mtaro getini kwako uone chini yake kuna nini.